Tasa ya Siri na Tasa ya Wazi

Mwaka 1874 mchumi na mwanamantiki wa Kiingereza, William Stanley Jevons, alichapisha kitabu kinene kuhusu misingi ya sayansi, na katikati yake akapenyeza fumbo. Ni namba zipi mbili, aliuliza, ambazo ukizizidisha unapata 8,616,460,799? Aliona ni vigumu kuamini kwamba mtu mwingine atakuja kuzijua. Kuzidisha ni kazi ya dakika chache, lakini kurudi kinyumenyume, kutoka kwenye zao hadi kwenye vigawo vyake, aliona ni kazi ya kujaribu na kujaribu tena hadi mtu achoke.

Jevons hakuwa na kompyuta wala hakuwa akiwaza habari za benki, na alifariki miaka karibu mia moja kabla ya wazo lake kupata kazi. Hata hivyo alikuwa ameshika jambo lenyewe: kuna hesabu ambazo kwenda ni mteremko na kurudi ni mlima. Alichokosea ni mfano.

Tuutazame kwa karibu, maana unafundisha kuliko maelezo mengi ya kitaalamu. Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, alikuwa ameshaona kwamba zao la namba mbili witiri huweza kuandikwa kama tofauti ya miraba miwili. Sasa chukua namba ya Jevons. Kipeuo chake cha pili kinaangukia kati ya 92,824 na 92,825. Anza na 92,825: itafutie mraba, kisha toa namba ya Jevons. Inabaki 19,826, ambayo si mraba kamili. Panda hadi 92,826. Inabaki 205,477, na hiyo huna haja ya kuihangaikia, kwa kuwa hakuna mraba unaoishia na 7, kama ambavyo hakuna unaoishia na 2, 3 wala 8. Panda tena, na tena. Jaribio la 56, ukiwa kwenye 92,880, inabaki 10,233,601, na hiyo ni 3,199 mara 3,199. Toa 3,199 kwenye 92,880 unapata 89,681. Ijumlishe unapata 96,079. Ndizo namba za Jevons. Mwenye karatasi, kalamu na subira anazipata kabla ya jua kuzama, na mwaka 1996 mwanahisabati wa Marekani Solomon Golomb alionyesha kwamba hata watu wa zama za Jevons wangeziweza kwa mkono.

Kilichomponza ni kwamba alichagua namba tasa mbili zilizo jirani mno. Angechukua moja ndogo zaidi na nyingine kubwa zaidi, njia ya Fermat ingemchosha mtu kwa maelfu ya hatua.

Nimeanza na kosa hilo kwa sababu maelezo mengi ya somo hili yanaanza na sifa. Tunaambiwa namba tasa ndizo zinazolinda ujumbe wetu na pesa zetu, kana kwamba utasa wenyewe una nguvu ya hirizi. Ukichunguza historia ya miaka 50 iliyopita unaona namba tasa zimefanya kazi mbili tofauti kabisa katika ufunguo wa umma, na ni nadra watu kuzitenganisha. Katika kazi ya kwanza, tasa yenyewe ndiyo siri: ikijulikana, kila kitu kimekwisha. Katika kazi ya pili, tasa imetangazwa kwa dunia nzima, na inatumika kama uwanja ambao hesabu inachezewa. Kazi ya kwanza ndiyo maarufu na ndiyo inayozeeka. Ya pili inazidi kupata nguvu, na itaendelea hata kompyuta za kwantamu zikija.

Kwanza tatizo lililozaa mambo haya yote. Kwa karne nyingi, watu wawili waliotaka kufumba barua zao walihitaji ufunguo mmoja wanaoujua wote wawili, na ilibidi waupeane kwa njia salama kabla ya kuandikiana. Serikali zilituma matarishi wenye mikoba iliyofungwa kwa minyororo mkononi. Utaratibu huo unawezekana kwa balozi 100. Kwa wateja milioni 10 wa duka la mtandaoni, hauwezekani. Novemba 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha makala iliyosema kwamba watu wawili wasiowahi kukutana wanaweza kukubaliana siri huku adui akisikiliza kila neno. Ralph Merkle alikuwa akifikiria tatizo hilohilo kwa njia yake. Makala ile ilitoa pia wazo la funguo mbili kwa kila mtu, mmoja wa kutangaza na mmoja wa kuficha, ila haikuwa na hesabu ya kulitekeleza.

Hesabu ilipatikana mwaka uliofuata katika chuo cha MIT, kwa Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, na ikabeba herufi za kwanza za majina yao: RSA. Kumbe Waingereza walikuwa wameshaipata. James Ellis wa shirika la ujasusi wa mawasiliano, GCHQ, aliandika wazo la jumla mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1973 kijana Clifford Cocks, ambaye alikuwa ameajiriwa karibuni na aliyesomea nadharia ya namba, aliambiwa tatizo hilo na akalitatua kwa kuzidisha tasa mbili. Waajiri wake waliweka karatasi kabatini hadi Desemba 1997. Ellis alifariki Novemba mwaka huohuo, wiki chache tu kabla dunia haijaambiwa.

RSA inafanyaje kazi? Tuchukue tasa ndogo za darasani, 3 na 11. Zao lake ni 33, nayo tunaitangaza. Kisha tunatoa moja kwenye kila tasa, tunapata 2 na 10, tunazizidisha: 20. Hii 20 tunaificha, maana ndiyo inayotuambia baada ya hatua ngapi vipeo vinaanza kujirudia tukihesabu baki tu za kugawanya kwa 33. Tunachagua namba ya kufumbia, tuseme 3, tunaitangaza pia. Namba ya kufumbulia lazima ikizidishwa kwa 3 na kugawanywa kwa 20 ibakize 1. Saba inafaa, kwa kuwa 3 mara 7 ni 21. Saba ndiyo ufunguo wa siri.

Mtu anataka kukutumia namba 5. Anaipandisha kwenye kipeo cha 3, anapata 125, anagawanya kwa 33, inabaki 26. Hiyo 26 anaituma hadharani. Wewe unaipandisha 26 kwenye kipeo cha 7, inakuwa 8,031,810,176. Gawanya kwa 33, inabaki 5. Hakuna uganga hapo, ni nadharia ambayo Leonhard Euler aliithibitisha katika karne ya 18 bila kufikiria matumizi yake. Anayesikiliza njiani ana 33, ana 3 na ana 26. Anachokosa ni 7, na ili apate 7 anahitaji 20, na ili apate 20 anahitaji kujua kwamba 33 ni 3 mara 11. Kwa 33 mtoto wa darasa la tano anamaliza mara moja. Katika matumizi ya leo namba iliyotangazwa huwa na tarakimu 617, na kila tasa iliyofichwa ina takriban 309.

Hapo msomaji makini huuliza maswali mawili. Je, tasa kubwa hivyo hazitaisha watu wakizigombania? Na kama kuvunja namba kubwa ni kugumu, tunajuaje kwamba namba yenye tarakimu 309 ni tasa, wakati kuthibitisha utasa kunaonekana ni kutafuta vigawo na kuvikosa?

La kwanza halina shida. Euclid alionyesha miaka 2,300 iliyopita kwamba tasa hazina mwisho, na mwaka 1896 Jacques Hadamard na Charles de la Vallée Poussin, kila mtu kwa njia yake, walithibitisha jinsi zinavyopungua kadiri namba zinavyokua. Kwenye ukubwa tunaouzungumzia, takriban namba moja kati ya 710 ni tasa. Ukiruka namba shufwa, ni moja kati ya 355. Idadi ya tasa za ukubwa huo inaandikwa kwa tarakimu zaidi ya 300, na atomu za ulimwengu wote unaoonekana hazifiki hata theluthi ya tarakimu hizo.

Swali la pili ni zuri zaidi, na jibu lake ndilo moyo wa RSA kuliko hata ile hesabu ya vipeo. Fermat, yuleyule, aligundua kwamba ukichukua tasa yoyote iliyozidi 2, ukapandisha 2 kwenye kipeo cha tasa hiyo na kugawanya kwa tasa hiyohiyo, unarudi kwenye 2. Jaribu 7: 2 kwenye kipeo cha 7 ni 128, gawanya kwa 7, inabaki 2. Sasa jaribu 15. Kipeo kinatoa 32,768, na ukigawanya kwa 15 inabaki 8. Basi 15 si tasa. Angalia tulichofanya: tumejua kwamba 15 ina vigawo bila kuvitaja 3 wala 5, bila hata kuvitafuta. Kujua kwamba namba inavunjika na kujua inavunjikia wapi ni mambo mawili, na la kwanza ni jepesi mno kuliko la pili. Kama yangekuwa na uzito mmoja, RSA isingekuwapo, kwa sababu mwenye ufunguo angepata taabu ileile anayoipata mwizi.

Kipimo cha Fermat kina mianya. Namba 561 inapita ingawa ni 3 mara 11 mara 17. Gary Miller mwaka 1976 na Michael Rabin mwaka 1980 walikitengenezea dawa: kila duru ya kipimo chao, namba isiyo tasa ina nafasi isiyozidi robo ya kuponyoka. Ukifanya duru 40, nafasi hiyo ni ndogo kuliko nafasi ya kompyuta yenyewe kuharibika katikati ya hesabu. Mwaka 2002 Manindra Agrawal na wanafunzi wake Neeraj Kayal na Nitin Saxena wa Kanpur, India, walitoa njia ya haraka isiyobahatisha kabisa. Ulikuwa ushindi mkubwa wa nadharia. Wahandisi walipiga makofi, kisha wakaendelea na Miller na Rabin, kwa kuwa ni ya haraka zaidi.

Kila inapopatikana tasa kubwa kupita zote zinazojulikana, magazeti huandika kwamba usalama wa mtandao umepata silaha mpya. Oktoba 2024 ilipatikana yenye tarakimu 41,024,320. Ni kazi ya kupendeza, ila kwa kufumba ujumbe haina faida yoyote. Tasa ya RSA ina thamani kwa sababu hakuna mwingine anayeijua. Tasa iliyotoka gazetini ina faida sawa na namba ya siri iliyobandikwa kwenye mashine ya kutolea pesa.

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe. Watu wengi wanadhani kuna mahali wanahisabati walithibitisha kwamba kuvunja namba kubwa haiwezekani kwa muda wa kawaida. Hakuna. Tulicho nacho ni historia ya watu hodari walioshindwa, na historia hiyo ina doa. Agosti 1977 Martin Gardner alitangaza RSA katika safu yake kwenye jarida la Scientific American, na wabunifu wakaweka namba ya tarakimu 129 pamoja na ujumbe uliofumbwa na zawadi ya dola 100. Makadirio ya Rivest yalikuwa kwamba kuivunja kungechukua miaka milioni 40 ukiizidisha kwa bilioni. Ilichukua 17. Aprili 1994, Derek Atkins, Michael Graff, Arjen Lenstra na Paul Leyland, wakisaidiwa na watu wapatao 600 waliojitolea kupitia intaneti na kompyuta zipatazo 1,600, walimaliza baada ya miezi minane. Ujumbe ulikuwa upuuzi wa makusudi kuhusu tai mla mifupa mwenye kinyaa.

Si kompyuta peke yake zilizoziba pengo hilo. Hesabu zenyewe zilikuwa zimebadilika: mwanzoni mwa miaka ya 1980 Carl Pomerance alibuni chujio la kutafuta vigawo kwa kukusanya maelfu ya milinganyo midogo na kuiunganisha, na mwishoni mwa muongo huo John Pollard akaanzisha njia yenye nguvu zaidi. Zote mbili, ukizichimba, ni wajukuu wa wazo la Fermat la tofauti ya miraba miwili, lilelile lililommaliza Jevons. Februari 2020 watafiti wa Ufaransa na Marekani walivunja namba ya tarakimu 250, kazi ambayo kiini kimoja cha prosesa kingeifanya kwa miaka 2,700 hivi. Kutoka tarakimu 129 hadi 250 imechukua miaka 26. Kwa mwendo huo tarakimu 617 ziko mbali, mradi asizaliwe Pomerance mwingine.

Kwa mtazamo wangu, hata hivyo, habari nzito zaidi ya miaka ya karibuni haikutoka kwa wavunjaji wa namba kubwa. Ilitoka kwa watu waliotumia kitu ambacho mwanafunzi wa shule ya msingi anakijua kwa jina la KKS, kigawo kikubwa cha shirika.

Mwaka 2012 makundi mawili ya watafiti, moja likiwa na Arjen Lenstra, lingine likiwa na Nadia Heninger na Alex Halderman, yalikusanya mamilioni ya funguo za umma zilizokuwa wazi kwenye intaneti. Hawakujaribu kuivunja hata moja peke yake. Walizichukua mbili mbili, kwa mbinu ya kuharakisha, na kutafuta KKS. Mfano: mtu mmoja ametangaza 8,633, mwingine ametangaza 10,961. Toa ndogo kwenye kubwa, inabaki 2,328. Gawanya 8,633 kwa 2,328, inabaki 1,649. Gawanya 2,328 kwa 1,649, inabaki 679. Kisha 291, kisha 97, na 97 inaigawa 291 bila baki. Basi 97 ni kigawo cha zote mbili, na kwa mgawanyo mmoja mmoja tunapata 89 na 113. Funguo mbili zimeanguka kwa hatua chache. Njia hii haitishwi na ukubwa. Kwa tarakimu 617 kompyuta inaimaliza kabla hujapepesa macho.

Lakini si tumesema tasa zipo nyingi kuliko atomu? Iweje watu wawili waangukie ileile? Heninger na wenzake walikuta seva na vifaa takriban 64,000 ambavyo ufunguo wake wa siri ungeweza kupatikana hivyo, karibu nusu ya asilimia ya vyote walivyovichunguza. Vingi vilikuwa ruta na vifaa vidogo vya mtandao. Kifaa cha namna hiyo kinatoka kiwandani, kinachomekwa kwenye umeme, na sekunde chache baadaye kinaagizwa kitengeneze ufunguo. Hakina kibodi ya kubonyezwa, hakina diski ya kuzunguka, hakina chochote cha kukipa nasibu. Hivyo kinaanzia mahali palepale alipoanzia ndugu yake aliyetoka kiwanda kimoja, na kinachagua tasa ileile ya kwanza. Nasibu ikija baadaye kidogo, tasa ya pili inatofautiana, na hapo KKS inafanya kazi yake. Miaka minne kabla yake, mwaka 2008, iligundulika kwamba mfumo wa Debian ulikuwa kwa karibu miaka miwili ukitengeneza funguo kutoka kwenye hodhi la uwezekano elfu thelathini na kitu kwa kila aina ya ufunguo, kwa sababu mtu alifuta mistari michache ya programu iliyoonekana haina kazi.

Kisha Oktoba 2017 ikaja ya Estonia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Masaryk, Brno, walionyesha kwamba chipu za kampuni ya Infineon zilikuwa zikichagua tasa kwa njia ya mkato iliyoziacha na umbo maalumu. Tasa hizo zilikuwa kubwa na zilikuwa tasa kweli. Ila aliyejua umbo lake aliweza kuzitafuta kwenye uwanja mdogo kuliko inavyopaswa. Kadi za vitambulisho takriban 760,000 za Estonia, nchi ambayo raia wake hupiga kura na kusaini mikataba kwa kadi hizo, ziliguswa, na Novemba vyeti vyake vikasimamishwa. Nchi ilinusurika kwa sababu moja ya kiufundi: chipu zilezile ziliweza pia kutumia mfumo mwingine wa hesabu, hivyo kadi nyingi zilirekebishwa kwa mbali bila mwenye kadi kukabidhiwa mpya.

Matukio hayo matatu yana kitu kimoja. Hakuna aliyeshinda ugumu wa kuvunja namba. Tasa iliyopaswa kuwa siri haikuwa siri tangu siku ilipozaliwa. Huo ndio udhaifu wa kudumu wa kazi ya kwanza ya namba tasa: kila mtu, kila kifaa, lazima ajichagulie zake, na uchaguzi mbovu hauonekani kwa macho, kwa kuwa ufunguo mbovu hufumba na kufumbua vizuri tu kama mzima.

Mfumo mwingine uliowaokoa Waestonia ni wa kazi ya pili. Ili kuuelewa turudi kwa Diffie na Hellman. Asha na Baraka wanakubaliana hadharani tasa 29 na namba 2. Asha anachagua 5 kimoyomoyo, anapandisha 2 kwenye kipeo hicho, anagawanya kwa 29, anatangaza baki: 3. Baraka amechagua 9, anatangaza 19. Asha anaichukua 19 na kuipandisha kwenye kipeo chake cha 5. Baraka anaichukua 3 na kuipandisha kwenye kipeo chake cha 9. Wote wawili wanapata 21, na msikilizaji hana 21. Tasa 29 haikuwa siri hata kidogo. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila baki isipokuwa sufuri inaweza kugawia nyingine, kwamba hakuna uchochoro ambao hesabu inapotelea. Siri ni vile vipeo, na kipeo hakihitaji kuwa tasa. Namba yoyote ya nasibu inatosha.

Mwaka 1985 Neal Koblitz na Victor Miller, kila mmoja kivyake, walipendekeza kuuhamishia mchezo huu kwenye kurva za eliptiki, mfumo huohuo uliowaokoa Waestonia, ambako baki za kawaida zinabadilishwa na nukta zenye kanuni yake ya kujumlisha. Njia za akina Pomerance hazifanyi kazi huko, kwa hiyo namba ndogo zinatoa ulinzi mkubwa: tarakimu 77 zinatosha. Kurva inayotumika sana leo ilibuniwa na Daniel Bernstein, na tasa yake ni 2 kwenye kipeo cha 255 ukitoa 19. Imeandikwa vitabuni, inajulikana na majasusi wote wa dunia, na ndiyo uwanja ambao mabilioni ya ujumbe wa WhatsApp unachezewa tangu kampuni hiyo ilipokamilisha ufumbaji wa mwisho hadi mwisho Aprili 2016. Kundi la familia lenye watu wa Tanga, Muscat na Toronto wanaopanga harusi linatumia tasa hiyohiyo moja kwa kila simu. Kwenye tovuti nako mambo yamehama: toleo la itifaki ya TLS la mwaka 2018 liliondoa kabisa kubadilishana siri kwa RSA, likaiachia kazi ya saini tu, yaani kuthibitisha kwamba ujumbe umetoka kwa anayedai kuutuma.

Tasa ya wazi ina hatari zake. Mwaka 2015 ilionekana kwamba seva nyingi sana zilikuwa zikitumia tasa chache zilezile za zamani, ndogo kupita kiasi, na mwenye mashine za kutosha angeweza kufanya hesabu nzito mara moja kwa tasa moja kisha akavuna kila anayeitumia. Lakini ugonjwa huo una tiba nyepesi. Tasa ya wazi inaweza kukaguliwa na kila mtu, na ikibainika ni ndogo inabadilishwa kwa wote.

Ni wapi mambo haya yanagusa pesa zetu? Si pale watu wengi wanapodhani. Anayetuma pesa kwa simu ya kitochi hategemei namba tasa ili mtandao umtambue: laini yake ina siri ya biti 128 ambayo kampuni ya simu nayo inayo, mfumo wa kale wa ufunguo mmoja wa watu wawili, unaofaa kabisa kwa kuwa kampuni ndiyo iliyokupa laini mkononi. Tasa zinaingia nyuma ya kaunta. Kampuni inayotaka kulipa wafanyakazi wake kupitia Daraja, mlango wa programu wa M-Pesa nchini Kenya, lazima ifumbe nywila yake kwa ufunguo wa RSA uliomo kwenye cheti cha Safaricom kabla ya kuituma. Na zinaingia kwenye pasipoti. Kenya ilianza kutoa za kielektroniki mwaka 2017, Tanzania mwaka 2018. Chipu iliyo ndani hubeba saini ya kidijitali ya serikali, na mashine ya mpakani huihakiki kwa ufunguo wa umma.

Mwaka 1994, uleule wa tai mla mifupa, Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwantamu ingepata haraka ule mzunguko wa vipeo tuliouficha, ile 20 ya mfano wetu. RSA, Diffie na Hellman, pamoja na kurva za eliptiki, zote zinaanguka kwa pigo moja, kwa kuwa zote zinaegemea mizunguko. Mashine yenyewe haijajengwa. Mwaka 2001 maabara ya IBM ilivunja 15, na tangu hapo kumekuwa na majigambo mengi kuliko namba zilizovunjika. Hata hivyo mwaka 2019 makadirio mashuhuri yalisema zingehitajika kyubiti (biti za kwantamu) milioni 20 kuvunja tarakimu 617; mwaka 2025 mmoja wa waandishi walewale, Craig Gidney, aliteremsha hadi chini ya milioni moja. Mashine haijafika, ila bei yake inashuka kwenye karatasi.

Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vipya vilivyotengenezwa kuhimili kompyuta hizo. Cha kubadilishana siri kinaegemea ugumu wa kimiani: kutafuta suluhisho la milinganyo mingi iliyochafuliwa kwa makosa madogo ya makusudi. Na hesabu zake zote zinafanywa kwa kugawanya kwa 3,329 na kuchukua baki. Namba hiyo ni tasa. Haifichwi, haina ugumu wowote, mwanafunzi anaweza kuithibitisha kwa kujaribu tasa zote hadi 57. Ilichaguliwa kwa sababu ukitoa moja unapata 3,328, yaani 13 mara 256, na sifa hiyo inaharakisha kuzidisha. Vivinjari vikubwa tayari vinaitumia kwa kuiunganisha na kurva ya Bernstein, ili mwizi alazimike kuvunja zote mbili.

Saini ndizo zimebaki nyuma, na hapo ndipo ofisi zetu zina kazi. NIST imependekeza kwamba RSA na kurva za eliptiki zisiruhusiwe tena baada ya mwaka 2035. Pasipoti ya miaka 10 inayotolewa mwaka 2026 itakuwa bado inavuka mpaka wa Namanga mwaka 2036, ikiwa na chipu isiyoweza kubadilishwa bila kubadilisha kitabu kizima. Estonia ilikuwa na chipu yenye mfumo wa akiba ndani yake. Katika zabuni za vitambulisho na pasipoti zinazoandikwa sasa Dodoma, Nairobi na Kampala, hicho ndicho kipengele cha kutafuta kabla ya kuuliza bei.